Kiti cha Miguu Mitatu

"Mzigo umo ndani. Una dakika kumi."

Jasusi waliyemwita Sindano alikikaza kidude cha mawasiliano sikioni. Ramani ya ulinzi wa bandari, iliyoibwa juzi, ilikuwa imefichwa ndani ya jumba hili la makumbusho ya ubunifu. Nje ya kuta za vioo, boti ya magendo ilikuwa ikinguruma gatini.

Alipita taa za ajabuajabu, redio za zamani, birika zenye shingo ndefu. Bastola yake, Beretta, ilitulia kwapani.

Ukumbi wa viti.

Mzee mmoja alivuka kamba, akapiga magoti, akapeleka mkono chini ya kiti cha miguu mitatu.

Sindano hakungoja.

Alimrukia, akamlaza kifudifudi, akambana kwa goti. Miwani ya mzee ikaruka na kupasuka.

"Mwache baba yangu!" mwanamke alipiga yowe. "Kiti hicho kakichonga yeye!"

Sindano alimpekua. Leso. Kadi ya mwaliko: *Fundi seremala, mgeni wetu wa heshima.*

Uso ukamwiva. Watu walikuwa wakipiga picha.

"Umempata?" sauti ya sikioni iliuliza.

"Nimekosea mtu."

Mzee alisema, shavu lingali sakafuni, "Mwanangu, ukishamaliza kunivunja, tazama mguu ule wa kiti. Mimi sitii skrubu kwenye viti vyangu."

Sindano aliifungua skrubu. Ndani, kitundu kitupu.

"Nani alikuwa hapa kabla yako, mzee?"

"Msafisha vioo. Ndoo yake kavu kama mfupa."

Sindano alichomoka. Ngazi tatu tatu. Mlango. Gati.

Msafisha vioo alikuwa hatua kumi kutoka kwenye boti. Aligeuka, bastola mkononi.

Sindano aliwahi. Teke moja, bastola ikazama majini. Ngumi moja, mtu akalala. Ndani ya glavu yake, kadi ya kompyuta ndogo kama ukucha, yenye ramani. Boti ilikurupuka, ikaenda kuangukia mikononi mwa polisi wa majini.

"Ninayo."

"Safi. Ondoka. Usirudi ndani."

Alirudi.

Mzee alikuwa kwenye benchi, binti yake akimfuta damu kwenye nyusi. Sindano akapiga goti.

"Mzee wangu, nisamehe. Sikukuuliza hata neno moja."

"Umemkamata?"

"Kwa msaada wa macho yako."

"Afadhali. Miaka arobaini nachonga. Leo ndiyo mara ya kwanza binti yangu kuja kuniona nikiheshimiwa. Kaona nini?"

Binti hakumtazama Sindano kabisa.

"Samahani yako nimeipokea," mzee alisema. "Aibu ni yako. Nenda nayo."

Sindano alisimama, akafunga kifungo cha koti, akavaa miwani nyeusi. Akatoka kwa mwendo wa pole, mkono mmoja mfukoni, kama mtu asiyedaiwa na dunia.

Masikio yalimwaka moto hadi barabarani.