Kidonge Upande wa Kushoto

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, daktari wa ubongo alifungua picha ya dereva wa kreni akakuta jambo lisilowezekana. Ubongo ulikuwa mzima. Akampigia simu mkuu wa usalama, mpelelezi mstaafu ambaye hospitali nzima, hadi mkurugenzi, ilimwita Shangazi.

"Miezi minane iliyopita ulikuwa hivi," daktari alimwonyesha alipofika. Kwenye nyuzi nyeupe, zile zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine, kulikuwa na madoa kumi na moja. "Hiyo ni miaka mitano ya kokeini. Sasa tazama picha ya Ijumaa. Hakuna hata doa moja. Haya hayafutiki kama chaki."

"Basi ni kichwa cha mtu mwingine."

"Ningesema hivyo. Lakini mikunjo ya ubongo haifanani kwa watu wawili, na hii ni yake, mkunjo kwa mkunjo."

Saa nne kamati ya bandari ingekuja kusomewa picha hiyo. Ikiwa safi, dereva angerudi kuning'iniza makontena juu ya vichwa vya wenzake. Mara ya mwisho alisimamisha mzigo hewani, akasahau alikuwa anaupeleka wapi.

Shangazi hakuwa mtu wa kuzungushwa. Alianza na mwenye kufaidika, yaani dereva mwenyewe, aliyekuwa ameshafika na kukaa kwenye benchi la nje na shati lililopigwa pasi mpaka mikono.

"Ijumaa uliondoka saa ngapi?"

"Saa tisa. Halafu nika..." Alitafuta neno, likampotea. "Mlinzi ndiye aliyenitoa. Nilisahau mlango uko wapi."

"Kompyuta za mle ndani unaziweza?"

"Simu yangu yenyewe inanishinda. Ila mashine ya picha siiogopi, nimeshaingia mara tatu."

"Mara mbili," daktari alimsahihisha, kisha akamnong'oneza Shangazi, "Ndiyo kumbukumbu zenyewe hizo."

Shangazi aliandika: mara tatu.

Kompyuta ilionyesha kwamba faili liliguswa Ijumaa saa kumi na dakika arobaini jioni, kwa neno la siri la Mzee, mkuu wa chumba cha picha. Saa tatu kasorobo Shangazi alikuwa mbele yake.

"Neno langu limebandikwa pale kwenye kioo cha kompyuta," Mzee alisema. "Kwa umri huu unadhani nitalikumbuka? Kila mtu analijua. Hata fundi bomba analijua."

Shangazi alizuia kicheko, akamwekea picha safi. Mzee aliinamia, akaguna.

"Hii siyo yangu. Kila mgonjwa tunambandika kidonge cha mafuta ya samaki kwenye kipanda uso cha kulia. Kinang'aa kwenye picha, tunajua kulia ni wapi. Hapa kiko kushoto. Kosa la wanafunzi hilo. Wanasimama miguuni pa mgonjwa, wanafuata kulia kwao."

"Mwanafunzi wa mwisho alikuwa nani?"

"Huyu huyu mpiga picha wetu, miaka sita iliyopita. Wagonjwa tulikuwa hatumpi, alijifunzia kwa watu wa kwao."

Saa tatu na dakika ishirini binti mpiga picha alikuwa anakunja mashuka kando ya mashine. Shangazi alifunga mlango.

"Dereva wa kreni ni nani wako?"

Binti aliendelea kukunja lile lile lililokwisha kukunjwa. "Kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja. Sikumwambia mtu hapa. Niliona aibu."

"Aliingia mara tatu, siyo?"

"Ya kwanza ilikuwa kabla ya unga. Nilikosa kichwa cha kufanyia mazoezi, akasema chukua changu, hakitumiki sana. Ilibaki kwenye faili la mafunzo. Ijumaa nikaiweka mahali pa ile mpya."

"Ili arudishwe kazini."

"Ili anipigie simu. Alikuwa ananipigia akiwa juu kule, ananisimulia meli gani inaingia, nani kavaa kofia kinyume. Siku hizi anapiga, halafu anasahau kwa nini kapiga. Yuko hapo kwenye benchi, Shangazi, na bado nimemkumbuka mpaka chakula hakipiti. Nilidhani akipanda tena, atarudi."

"Na akisahau tena, chini kuna watu?"

"Hilo nililikimbia."

"Ripoti nitaiandika kama ilivyo. Kazi unaweza kuikosa."

"Najua."

Shangazi alimwita dereva, akamwekea picha mbili ubavu kwa ubavu: ile safi ya miaka sita iliyopita, na ile halisi ya Ijumaa ambayo binti alikuwa ameihifadhi kando, ikiwa na madoa kumi na moja yote. Dereva alizitazama, akagusa kile kidoa kinachong'aa nje ya fuvu kwenye ile safi.

"Kidonge. Uliniwekea upande siyo."

Dada yake aligeuka. "Ulijua?"

"Nilijua. Ulikuwa unatetemeka, na Mzee, mkuu wako, kasimama mlangoni. Ningesema, ungeaibika."

Binti alilia bila kujificha. Kaka yake alingoja amalize, akaisogeza ile picha safi mbali naye.

"Wasomeeni yenye madoa," alisema. "Ila wewe kaa karibu yangu, nisije nikasahau wamesema nini."

Saa nne kamili waliingia kwenye kamati. Dada alikaa kulia kwake.