Kichupa cha Kumi na Nne

Jumatatu, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Daktari wa wadudu alifungua kabati la makumbusho akakuta tundu la kumi na nne halina kichupa. Kichupa hicho kilikuwa na dume mmoja wa mdudu wa mtoni, wa jamii ambayo mabuu wake hujijengea vijumba kwa chembe za mchanga. Alikuwa wa spishi mpya, na kijito alikopatikana kilishakauka. Saa nne mhakiki wa makala ya Daktari angefika kulinganisha mdudu na mchoro wake. Bila mdudu, kazi ya miaka sita ingeota mbawa.

Inspekta aliyeitwa upesi, mwanamke mfupi asiye na papara, alikagua kufuli. Halikuvunjwa. Funguo walikuwa nazo watu watatu: Daktari, mtaalamu wa mbawakawa wa chumba cha pili, na Bi Penseli, mchoraji wa makumbusho kwa miaka thelathini na mmoja.

"Ni huyo wa mbawakawa," Daktari alisema. "Hatuivi chungu kimoja tangu nilipokataa kuweka jina lake kwenye makala."

Inspekta aliinamia hadubini iliyokuwa mezani kando ya kabati. Jicho la kulia liliona vizuri, la kushoto ukungu mtupu.

"Nani aliitumia mwisho?"

"Mimi, Ijumaa saa kumi." Daktari akachungulia, akashtuka. "Pete ya kurekebisha jicho la kushoto imezungushwa hadi mwisho! Mimi huiacha kwenye sifuri."

Inspekta aliweka bawa la nzi chini ya lenzi, akaziba upande wa kulia kwa karatasi, kisha akamwita wa mbawakawa.

"Tazama, bila kugusa kitu."

"Nimekasirika, ndiyo, lakini mwizi siyo mimi," alifoka, akachungulia. "Sasa hapa nione nini? Nani kaivuruga hii?"

Bi Penseli aliingia saa tatu kasorobo, mkoba begani.

"Shikamoo, mama," Inspekta alisema. "Hebu tusaidie. Unaona nini hapo?"

"Marahaba, mwanangu." Akainama. "Bawa la nzi. Limechanika pembeni."

"Sisi watatu hatulioni. Pete hiyo imewekwa kwa jicho lako."

Bi Penseli aliitazama pete. Akaketi, akafungua mkoba, akatoa mkebe wa penseli. Kichupa kilikuwa humo, kimezungushiwa pamba, kimejazwa spiriti hadi shingoni.

"Nisingeweza kumwacha akauke," alisema. "Jicho la kulia halioni tena. Mchoro niliuchora pete ikiwa sifuri, niliogopa kuigusa msije mkajua. Jumamosi nikaja peke yangu, nikaizungusha. Mkia wake una miiba mitatu. Mimi nimechora miwili! Nikachanganyikiwa, nikamchukua, pete nikaisahau." Akamkabidhi Daktari kichupa. "Mhakiki akiona, mtanistaafisha. Nitakaa nyumbani nichore nini?"

Daktari alikuwa na hasira alipoanza kusikiliza. Sasa alimwonea huruma, na aibu pia, kwani mchoro aliupitisha yeye mwenyewe bila kuhesabu miiba. Akamgeukia wa mbawakawa.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Tutaongea," mwenzake alijibu, akivuta kiti kukipeleka mezani. "Kwanza mama achore."

Inspekta alitazama saa, akaandika kwamba kichupa kimepatikana salama mle mle jengoni, akafunga daftari.

Bi Penseli alichora mwiba wa tatu taratibu, pete ikiwa mwisho. Alipomaliza, alinyoosha mkono kuirudisha kwenye sifuri kama alivyozoea. Daktari akamzuia. Alichukua brashi yenye rangi nyeupe, akaweka nukta kwenye pete, pale pale ilipokuwa.

"Hapo ni pako," alisema. "Kesho usihangaike kupatafuta."