Koti Lililowaka Bluu

Walikutana mwaka 2003 kwenye foleni ya mpakani Rusizi, afisa wa forodha aking'ang'ania kufungua chupa ya kijana mmoja mrefu. Emerance, mwalimu wa kemia shuleni Gihundwe aliyekulia Bukavu, kitenge cha kijani kimemkaa sawasawa, akaingilia kati: ile ni luminol, dawa ya maabara inayong'aa gizani, si baruti. Kijana akacheka. Aliitwa Ntabaza, mtafiti wa Bukavu, na kwa kicheko kile Emerance alikwisha.

Kila Jumamosi Emerance alivuka daraja hadi maabara ya kijana huyo. Ntabaza alikuwa akitengeneza ndugu wa luminol, molekuli za pete zenye nitrojeni, akitafuta itakayong'aa kupita zote. Aliziweka chini ya taa ya urujuani, moja ikatoa bluu hafifu, nyingine kijani.

"Hii iko kama weye, sheri," alimtania mpenzi wake, akionyesha ile hafifu. "Mpaka uibembeleze."

Siku moja Ntabaza alifunga mapazia, akamweleza kuwa luminol ikigusa damu huwaka bluu, hata damu iliyofuliwa. Alipokuwa akichanganya, dawa ikamrukia mkono wa koti lake jeupe. Mkono wote ukawaka bluu.

Emerance alikuwa amempoteza baba yake vitani, Bukavu hiyohiyo. Swali likamtoka kabla hajalizuia.

"Ile damu ni ya nani?"

Ntabaza akafungua mapazia. "Unawaza niliua muntu?"

Emerance akachukua mkoba wake. Na mwanaume naye, kiburi gani kile, jibu analo na halisemi. Waliachana hivyo hivyo.

Miezi ikapita. Simu ikilia, roho inamruka, kumbe ni dada yake. Kutoka Kamembe alikokaa aliiona Bukavu ng'ambo, hadi mabati yake, na alimtamani Ntabaza mpaka chakula kikamshinda.

Ndipo siku moja darasani, madirisha yamezibwa, akawaonyesha wanafunzi luminol aliyopewa na Ntabaza zamani. Ikamwagika. Akaipangusa kwa kitambaa alichokifua asubuhi ile kwa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo. Kitambaa chote kikawaka bluu, na damu haikuwamo hata tone. Wanafunzi walipiga makofi, yeye akaketi.

Alimpigia Ntabaza simu chaki ikiwa bado mkononi.

"Lile koti ulilifua na javeli."

"Asubuhi ile. Nilitaka unikute niko safi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeamini javeli. Mimi nilitaka uniamini mimi."

Emerance alilia bila kujificha. "Nisamehe, Ntabaza. Nimekukosa sana."

Akamsikia akivuta kiti.

"Njoo kwanza. Kama nimesamehe, utaniona usoni. Ila njoo leo, daraja halijafungwa."

Emerance alikuwa ameshapanda pikipiki.