Jina Halikai Kwenye Jalada

Minza alikuwa anaanika nepi uani, mtoto yuko mgongoni amelala fofofo, aliposikia mtoto huyohuyo analia ndani ya nyumba.

Alisimama na nepi mkononi. Akapeleka mkono nyuma, akapapasa. Mtoto yupo, joto lake lipo, pumzi yake inampiga shingoni taratibu. Na ndani kilio kinaendelea. Msije mkadhani alikuwa mtoto wa jirani, mama anaijua sauti ya mwanawe hata katikati ya mnada. Ilikuwa mchana kweupe, jua la Mpanda linachoma mabati, bodaboda zinapita barabarani kama siku zote. Minza akaingia ndani.

Kilio kilitoka chumba cha mbele, pale mumewe Lyamba alipopanga maboksi ya vitabu vyake. Alipousukuma mlango kikakatika. Chumba hakina mtu. Boksi moja liko wazi, na imetanda harufu nzito ya tumbaku iliyotoka kukaushwa, wakati nyumba ile haina anayevuta hata sigara. Minza akiwa bado ananusanusa, mtoto mgongoni akashtuka, akaanza kulia, akaudaka mlio ule palepale ulipokatikia.

Sasa niwaeleze habari za vitabu hivyo, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Lyamba alikuwa mchoraji wa mabango, kibanda chake karibu na stesheni. Saluni, duka la dawa za mifugo, hapa tunachaji simu, yote hayo mkono wake. Kwa herufi, Lyamba fundi, simnyimi haki yake. Lakini kuchora mtu, jamani, hapo hapana. Mtu akichorwa na Lyamba anatoka kama gunia.

Aliyemleta duniani Koplo Kiboko, shujaa wa vitabu hivyo, ni Athanasie, binti wa kijiji cha Kasokola, wa zile familia zilizotoka Burundi zamani zikapata uraia hapa. Alikuwa anachora kwenye makaratasi ya kufungia tumbaku ya kwao: kiboko mnene mwenye kofia ya polisi, anayelinda mto Katuma, anayeogopwa na wezi na kuogopa kuku. Hadithi zilitoka kichwani mwake, picha zilitoka mkononi mwake. Lyamba alipaka rangi kwenye kompyuta na kuandika herufi, basi. Na kila ukurasa, chini pembeni, Athanasie alichora jani dogo la tumbaku. Hilo ndilo lililokuwa sahihi yake.

Kitabu cha katuni kilikwenda Dar kwa mchapishaji, kikarudi kinang'aa. Jalada limeandikwa: Kimetungwa na kuchorwa na Lyamba Masalu. Majani yote yamefutwa.

Minza alikuwepo kibandani siku Athanasie alipokuja na nakala yake. Wakati huo Minza ana mimba, miguu imevimba, ndiye aliyemmiminia mgeni chai. Athanasie hakuigusa.

"Kaka Lyamba," alisema polepole, "jina langu liko wapi?"

"Jina lako refu, dada. Halikai kwenye jalada."

"Si ungepunguza herufi?"

"Tutaona toleo lijalo."

Athanasie hakungoja toleo lijalo. Alipanda treni hadi Dar, akabisha milango ya maofisi, akaonyesha makaratasi yake ya tumbaku. Kila alikokwenda walimpigia Lyamba simu kuuliza, na Lyamba akacheka, akasema yule binti alikuwa anamsaidiasaidia tu. Masika yale malaria ikampanda Athanasie kichwani, akafariki bado anazungushwa. Lyamba hakwenda kuzika, siku hiyo alikuwa redioni akihojiwa jinsi alivyomtunga Koplo Kiboko. Minza aliyajua yote haya na alinyamaza. Yule ni mumewe, na hakuna mtu aliyemuuliza.

Tangu siku ya nepi, mtoto wao Selestine hakupumzika. Alilia asubuhi, alilia mchana, ziwa analisukuma. Hospitali walimpima wakasema hana kitu. Minza akaanza kugundua mambo. Lyamba akifungua kitabu, kilio kinapanda. Redio ikimtaja, kinapanda zaidi. Na mara nyingine mtoto ananyamaza kabisa mikononi mwake, lakini kilio kinabaki chumba cha mbele, kinatembea kutoka boksi hadi boksi kama mtu anayetafuta kitu chake, na Minza anakaa jikoni amemkumbatia mwanawe aliyekonda hadi mbavu zinahesabika, anasikiliza, hathubutu kwenda, hathubutu kutoka, na harufu ya tumbaku inaingia hadi kwenye unga.

"Mama Sele, hilo jini," jirani alimnong'oneza. "Nendeni kwa Bibi Romana, mganga wa kule Kabungu."

Bibi Romana alikuja mwenyewe. Kwa Wasukuma, mtoto akilia bila ugonjwa wanasema analilia jina. Kuna marehemu anataka kuitwa kupitia yeye, na wazee hutaja majina ya ukoo moja moja hadi mtoto anyamaze. Romana alikaa mkekani, mtoto mapajani, akaanza na upande wa Lyamba. Akataja mababu, akataja mabibi, akataja waliokufa wadogo. Kilio kile kile. Akahamia upande wa Minza. Kilio.

"Wa kwenu wamekwisha," alisema kwa sauti ya chini. "Baba, kuna mwingine humu ndani?"

"Hakuna," Lyamba alijibu.

"Yupo. Ananukia tumbaku."

Lyamba akainamisha macho. Minza alisikia mdomo wake mwenyewe unatamka.

"Athanasie."

Mtoto akanyamaza ghafla, kama redio iliyochomolewa. Akageuza kichwa taratibu, akamtafuta Lyamba kwa macho, akampata, akamkazia.

"Huyu hakuja kuchukua roho," Romana alisema. "Anadai. Mrudishieni jina lake palepale mlipolitoa."

Lyamba alipumua. Mwenzenu alishaona njia ya mkato.

"Basi mtoto aitwe Athanasie. Kuna heshima kubwa kuliko hiyo?"

"Sikusema mumpe mtoto. Nimesema pale mlipolitoa."

"Lakini si jina lile lile, bibi?"

Romana alimrudisha mtoto kwa mama yake, akajifunga kitenge chake, akainuka. Minza alimsindikiza hadi barabarani, na hapo bibi akamshika mkono.

"Mumeo amemkaribisha mgeni," alisema, "halafu kiti alichompa kina mtu."

Mwanzoni Minza alishukuru tu. Mtoto halii tena, anakula, ananenepa. Majirani waliacha kumwita Mama Sele, wakawa wanamwita Mama Athanasie, na kila alipoitwa hivyo alisita kabla ya kuitika bila kujua kwa nini. Baadaye akajua. Mtoto halii akianguka. Halii akichomwa sindano ya kliniki. Ukimwita Selestine hageuki, ukimwita Athanasie anageuka na kukutazama kwa subira, kama mtu mzima anayengoja ujibu. Minza alimbembeleza, alimwimbia, alimtekenya, akatafuta huko ndani ya macho yale mtoto wake aliyemzaa mwenyewe, na hakumwona. Aliumia kuliko siku za kilio. Kilio kilikuwa cha mwanawe angalau kwa sauti.

Umri wa kutamka ulipofika, mtoto alitamka neno moja tu.

"Mawe."

"Mawe yako wapi, mwanangu?" Minza aliuliza.

"Mawe," mtoto alirudia, anatazama nje, anatazama mbali.

Minza alifagia uani, akaokota hata vikokoto, na kesho yake tena mawe, mawe, hadi akadhani anakuwa kichaa. Kisha siku moja aliporudi kutoka kisimani alikuta mkaa umetawanyika na sakafu imechorwa. Kuanzia jikoni, kupita ukumbini, hadi mlango wa chumba cha mbele, majani ya tumbaku, madogo, yamepangana, kila moja na mishipa yake. Mtoto asiyejua hata kusimama amekaa mwisho wa mstari, vidole vyeusi. Lyamba aliyaona, akasema mtoto amerithi kipaji cha baba yake. Lakini tangu siku hiyo alihamishia godoro kibandani.

Minza hakumwambia mtu. Alichukua kitabu kimoja, akampakata mtoto, akakodi bajaji hadi Kasokola, kwao Athanasie. Njiani alikuwa na wazo moja tu: kama huyu mtoto ni wa kwao, watamchukua, na yeye atarudi nyumbani mikono mitupu.

Alikuwa anaingia njia ya shambani pale mama mmoja mwenye ndoo alipoita kwa nguvu:

"Mama Athanasie!"

"Abee," Minza aliitika.

"Abee," akaitika mwingine, kutoka mlango wa bani la kukaushia tumbaku.

Wakatazamana. Yule wa pili alikuwa mwanamke mzee kidogo, mikono ina utomvu mweusi wa majani. Huyo ndiye Générose, aliyemzaa Athanasie. Minza alifungua kinywa ajieleze, lakini mtoto alijivuta mbele, akanyoosha mikono yote miwili.

"Mawe."

Majani yakamdondoka Générose.

"Amesemaje?"

"Anapenda kusema hivyo, mama. Natafuta hayo mawe siyaoni."

"Si mawe hayo, mwanangu," Générose alisema. "Kwetu ndivyo mtoto anavyomwita mama yake."

Minza aliketi chini palepale. Miezi yote ile mtoto alikuwa anaita mama, na hakuwa anamwita yeye. Alisema kila kitu, chai ile, jina lile, mtoto kupewa jina, na hakujitetea. Générose alisikiliza huku akimtazama mtoto kwa hamu iliyomtisha Minza kuliko jini. Mwisho alirudi nyuma hatua moja.

"Wangu nilimzika kwa mikono yangu," alisema. "Huyu wako, ila amekaliwa. Nipe hicho kitabu. Una kalamu?"

Aliandika kwenye jalada, chini ya kofia ya kiboko, polepole kama anayeshona: Athanasie Habonimana.

"Maana yake Mungu ndiye anayeona," alisema. "Baba yake ndiye aliyemchagulia."

Mtoto alishusha pumzi ndefu. Uso ukamkunjana, mdomo ukapanuka, akalia. Kilio cha njaa, cha deko, chenye machozi na makamasi. Minza alitoa ziwa huku naye analia. "Sele," aliita, na mtoto akainua macho.

Ningeweza kuishia hapo, mkalala vizuri. Lakini bajaji ilipopita mbele ya duka moja pale mjini, kitabu cha Koplo Kiboko kinaning'inia kwa kibanio, Minza alihisi mtoto anakakamaa mapajani mwake na kunyamaza. Ndipo alipoelewa kwamba kitabu kimoja hakitoshi.

Jioni ile Lyamba alimkuta chumba cha mbele, maboksi yote wazi, anaandika.

"Unaharibu vitabu, Mama Athanasie."

"Mimi ni Mama Sele. Kaa uandike."

"Mchapishaji nitamwambia nini? Watu wa redio je? Unataka watu wote wajue?"

Harufu ya tumbaku ilipanda. Mtoto alikuwa mkekani, mgongo umenyooka, macho hayapepesi. Mtoto yule aliyejua neno moja tu alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa ya upole, ya mtu aliyekuja kuuliza tu, kwenye benchi, chai inapoa pembeni.

"Kaka Lyamba, jina langu liko wapi?"

Lyamba aliteleza ukutani hadi chini. Minza hakumwonea huruma, akamsogezea kalamu tu. Akaishika. Mkono ule wa mabango ukaanza wenyewe, herufi nzuri, zilizonyooka, chini ya jina la Koplo Kiboko. Alipomaliza jalada la kwanza akalitazama. Jina lilikaa. Pembeni ikabaki nafasi ya kutosha hata jani la tumbaku.

Waliandika hadi maboksi yakaisha. Kisha Lyamba akampigia mchapishaji simu, akasema ukweli, akatukanwa, na toleo lijalo limeahidiwa kuwa na jina hilo. Limeahidiwa.

Selestine sasa anakimbia, mtundu, ana maneno kuliko kasuku. Ila vitabu vya mwanzo vilishasambaa, vilipanda treni kwenda Kaliua na Tabora, vilipanda mabasi kwenda Sumbawanga. Mara nyingine mtoto yuko katikati ya mchezo, anasimama, anageuza uso upande mmoja wa dunia. Harufu inapita. "Mawe," anasema, na mama yake anajua kuna mtu mahali fulani amefungua kimojawapo. Minza anatembea na kalamu imefungwa kwenye pindo la kitenge. Kila aendako anauliza vitabu vya katuni, na usingizi wake ni wa kuvizia.

Basi nyie mlionisikiliza, mkirudi nyumbani tazameni kwenye rafu za watoto, chini ya vitanda, kwenye mabegi ya shule. Mkimkuta kiboko mwenye kofia ya polisi, chukueni kalamu kabla hamjamfungua. Athanasie Habonimana. Andikeni bila wasiwasi, linakaa.