Kompyuta Iliyokesha Ikichora

Mama Mchapaji aliweka kiganja juu ya kompyuta akakiondoa mbio. Ilikuwa ya moto kama birika, na usiku kucha hakuna aliyeigusa. Aliiacha ikiwaka bila kazi kama kawaida yake, duka akalifunga mwenyewe.

Alimwita Fundi, jirani wa mlango wa tatu, mtu wa watu, mwenye kovu kwenye paji la uso na utani usioisha.

"Imeshiba vumbi, mama. Hata wewe ukizibwa pua utachemka."

Alipuliza vumbi, akabadilisha feni, akapaka dawa mpya ya kupoza prosesa. Kesho yake ilichemka zaidi, na dukani mlinuka udongo mbichi.

Siku ya tatu Fundi hakutania. Alitafuta kazi zilizofanyika usiku, akakuta faili moja tu: ratiba ya mazishi ya mzee aliyezikwa juzi. Mama Mchapaji hakuwa na tabia ya kuanza ratiba mpya. Alifungua ya marehemu aliyetangulia, akaandika jina jipya juu ya lile la zamani. Sasa jina la mzee halikuwepo. Palikuwa na jina la binti wa Mama Mchapaji mwenyewe, wa miaka sita, aliyelala nyumbani na homa tangu juzi, na mahali pa picha palikuwa na paji la uso na macho mawili, yamechorwa nukta kwa nukta, na chini ya macho hapakuwa na kitu bado.

"Hiki si kirusi," Fundi alinong'ona. "Ni jini, mama. Anakesha akichora. Ndiyo maana inachemka."

"Lifute hilo jina!"

Alilifuta, likarudi. Akachomoa waya ukutani, lakini feni iliendelea kuvuma na kioo kikaendelea kuwaka, na mbele ya macho yao pua ya mtoto ikaanza kujitokeza, nukta baada ya nukta, huku simu ya Mama Mchapaji ikilia na dada yake akimwambia kwa kwikwi kwamba mtoto anapumua kwa shida, arudi, arudi sasa hivi.

Alikata simu, akakaa kwenye kiti chake cha kazi.

"Fundi, hivi jina lako kamili ni nani? Miaka yote tunakuita Fundi tu."

"La nini saa hizi?"

"Nikuombee, kaka yangu. Umenihangaikia mno."

Yule bwana aliguswa moyo. Alilitaja lote, lake, la baba na la babu, akiwa ameinama chini ya meza anahangaika na nyaya. Mama Mchapaji alikuwa na vidole vyepesi. Fundi alipoinuka, jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa juu ya lile la mtoto, na la mtoto halikurudi tena. Feni ilikuwa imenyamaza na kioo kimezima.

"Umeifanyaje?"

"Imepoa yenyewe. Nenda kapumzike, kaka, naona umechemka."

Jioni ile binti aliamka akaomba chai. Kompyuta ilichemka siku tatu nyingine, na Mama Mchapaji hakuita mtu.

Siku ya nne mke wa Fundi aliingia, ameshikwa mkono na shemeji yake, kuagiza ratiba ya mazishi ya mumewe.

"Shida ni picha," alisema kwa sauti iliyokauka. "Mwenzangu hakupenda kupigwa picha. Hatuna hata moja."

Moyo ulimuuma Mama Mchapaji, tena sana. Lakini nyuma yake binti yake alikuwa sakafuni, akizungusha ile feni kuukuu aliyoitoa Fundi, kwa kidole, na kucheka.

"Usijali, wifi," alisema. "Picha ninayo. Hata kovu linaonekana."