Dumu la Kamba Nyekundu

Mwenyeji akikwambia shika chochote ila kile, basi wewe kile kiogope. Lakini vijana wa kutembea na mashanta mgongoni, nani aliwahi kuwaambia kitu wakasikia?

Asubuhi ya tatu mjini Sarajevo, Polona alikamata chupa yake ya maji akaikuta kavu kama iliyoanikwa. Na jana aliijaza mwenyewe mpaka shingoni.

"Tilen, umekunywa maji yangu tena?"

"Mimi mtu wa bia, mama. Muulize Gorazd, tangu juzi anakunywa kama ng'ombe."

Kweli, Gorazd alikuwa uani, mdomo bombani, akigugumia. Midomo imempasuka, macho yamedidimia. Polona hakuona huruma, aliona hasira. Watatu hao walitoka Maribor pamoja, na basi la kwenda Mostar lilikuwa limeshawaacha mara mbili: juzi Gorazd anaumwa kichwa, jana Gorazd analia shanta zito.

"Leo saa tano nisipokuwa kituoni nyote nimewavua urafiki!"

Wakateremka ngazi za mlimani. Nusu ya njia, Gorazd akaanguka magoti.

"Limejaa maji," akanong'ona.

Tilen akalifungua shanta. Soksi kavu, mashati makavu. Alipolinyanyua, ndani yake kukalia chubwi, chubwi.

Hapo ndipo Polona alipozisikia hatua juu yao, hatua za mtu aliyechoka, mwenye mzigo unaogonga kila kidato, ko, halafu pumzi, ko, halafu pumzi, na harufu ya plastiki kuukuu na vumbi lililoungua ikashuka nazo, na jua linawaka, na wanawake wanaanika mashuka dirishani, na ngazi zote tupu mpaka juu.

"Gorazd," alisema polepole. "Umefanya nini?"

"Yale makaroni."

"Makaroni gani?"

"Ya siku ya kwanza. Maji ya bomba yalikatika, nina njaa. Nikachukua dumu chini ya ngazi za nyumba, lile la kamba nyekundu tulilokatazwa. Lilikuwa karibu!"

"Na sisi tukala," Tilen akasema, na safari hii hakucheka.

Wakarudi kwa mwenye nyumba, Razija, wakayabwaga mashanta ndani. Mjane huyo majirani walimsema sana: kila asubuhi atenga kahawa vikombe viwili, na hana mgeni. Lakini mtoto wa jirani akishtuka usingizini, ni yeye wanayemkimbilia amyeyushie risasi, amtoe hofu. Alisikiliza yote, akakaa kitako.

"Makaroni," akasema. "Miaka thelathini nimeyatunza, halafu makaroni."

Wakati wa vita, mji ulipozingirwa, mumewe Ekrem alipanda na dumu lile, akalitua mlangoni, akasema narudi kuleta la pili. Kombora likaangukia foleni ya maji, naye yumo.

"Yale maji sikuyanywa. Na aliyekuwa akiyalinda, wewe umemmwagia maji ya moto ya makaroni mferejini, wanakopita wasioonekana, bila hata Bismillah!"

"Shangazi, mimi Mkristo."

"Basi Wakristo hawajui samahani?"

Akamfunika Gorazd shuka kichwani. Akayeyusha risasi alizozichomoa ukutani mwake mwenyewe, akazimimina kwenye bakuli la maji aliloliinua juu ya kichwa cha kijana. Risasi zikalia kama paka aliyekanyagwa, moshi ukanuka vumbi lilelile, na bakuli likakauka. Chini lilibaki donge lenye umbo la mtu, mkono mmoja umevutwa na mzigo, mwingine mtupu.

"Ekrem anataka dumu lijazwe. Shuka bombani chini ya mlima, panda nalo, usilitue mpaka mlangoni, usigeuke. Ukilitua, kiu hiyo utazikwa nayo."

"Shangazi, basi letu saa tano," Polona akasema, akajichukia papo hapo.

"Mngoje mwenzako, binti. Mimi nimengoja zaidi."

Gorazd akapanda na dumu limejaa, vidole vimekuwa vyeupe, Tilen ametangulia, na Polona nyuma yake akimtukana ili asilitue, we mvivu, we mla makaroni, panda, na kadiri alivyotukana ndivyo alivyozisikia zile hatua nyuma ya mgongo wake, ko, halafu pumzi, karibu mno, na matone ya baridi yakimdondokea visiginoni, na yeye akitukana huku machozi yanamtoka, asithubutu kugeuza hata shingo, mpaka mlangoni.

Gorazd akatua. "Samahani," akasema. Akalamba midomo, akashangaa. "Kiu imeisha."

Ko.

Kando ya dumu la kamba nyekundu lilikuwapo la pili, limelowa, la namna isiyouzwa tena. Lilikuwa na matundu matatu ya vipande vya kombora, na halikuvuja hata tone.

Razija alilitazama. Akaweka sawa ushungi wake. Sauti ilipomtoka, ilikuwa ya mke aliyekasirishwa.

"Dumu moja, Ekrem! Dumu moja ndilo la kukuweka mpaka leo? Ingia, kahawa inapoa!"

Akaufungua mlango wazi, akangoja kiasi cha mtu mwenye mzigo kupita, kisha akaufunga mbele ya nyuso zao. Komeo likalia.

Ndani, vikombe viwili viligongana.

"Mashanta yetu yamo humo," Tilen akanong'ona. "Na pasi zote za kusafiria."

Saa tano ikagonga. Hakuna aliyebisha hodi.