Supra Nyeupe, Challenger Nyekundu

Ijumaa, saa tisa mchana.

Chumba cha nyuma cha duka la kushona la Nasrine. Mlango umefungwa. Redio imepandishwa ili majirani wasisikie.

Gad alichora kwa chaki ya fundi juu ya kitambaa cheusi. Nyumba. Geti. Barabara inayopanda Nyakiriba kwenda Musanze. Huko mnunuzi anangoja.

"Kesho ni umuganda," akasema. "Mji muzima iko na jembe mukononi. Kila nyumba inatoa mutu. Ile nyumba inatoa zamu."

Zamu, mlinzi wa geti, alikuwa mzee Bahizi. Tajiri wake alifanya biashara Goma, lakini magari yake mawili aliyalaza upande huu wa mpaka, maana mawe ya volkano ya kule yangeyachana matumbo. Sano alikuwa fundi wa magari hayo. Kila umuganda, Jumamosi moja ya mwezi ya kazi za jamii, Bahizi alimwachia funguo zote, akaenda yeye kulima mitaro.

"Gari iko mbili," Gad akasema. "Tunabeba gani? Fundi, sema."

Sano hakufikiri mara mbili. "Supra. Iko fupi, iko nyepesi, inashika kona kama mbuzi ya Mudende. Na ukiwasha, haiamushe mutu. Challenger ni Muamerika. Silinda munane, nguvu mingi, lakini ni ya kwenda moja kwa moja. Kwa kona za Nyakiriba utakuwa unageuza ngombe ndani ya mulango."

"Supra iko na viti mbili," Nasrine akasema. "Siye tuko watatu."

"We unabaki na mashini yako."

"Muzuri. Mukifika Musanze, munikumbuke kwa maombi."

Gad alicheka. Nasrine hakucheka.

"Na muzee Bahizi?" Sano akauliza.

"Bon. Ufunguo iko yake, geti iko yake. Donc atajibu yeye. Kwa jela kuko wazee wengi, sha. Hatakosa wa kuongea naye."

Sano aliangalia chaki. Bahizi alikuwa amemtoa kwenye vita vya Masisi, amembeba mgongoni, yatima wa jirani yake. Akamlea kama wake. Sasa mzee hakuwa na kitu duniani isipokuwa kile chumba cha zamu karibu na geti, na jina lake.

"Umesikia?" Gad akauliza.

"Nimesikia."

Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Bahizi alichukua jembe. Akampa Sano funguo bila kuzihesabu.

"Leo tena hauendi kwa umuganda?"

"Niko na kazi ya breki, papa."

"Breki, kila umuganda." Mzee alitabasamu. "Viazi iko kwa sufuria. Kula, usiningoje."

Sano hakula. Alifunua sufuria, akaifunika.

Saa nne, Gad na Nasrine waliingia kwa mlango wa nyuma. Mpango ulikuwa mwepesi. Magari hayatembei mpaka umuganda uishe, saa tano. Lakini inama, mkutano unaofunga kazi, ikiisha tu, Bahizi anarudi. Kwa hiyo gari liwashwe mapema, lingoje ndani ya geti, litoke pamoja na magari ya kwanza.

"Nimebadili," Sano akasema. "Tubebe Challenger."

Gad alimgeukia polepole. "Jana ulisema ni ngombe."

"Jana nilisahau viti. Nasrine akibaki, wakimukamata atasema."

"Nitasema yote," Nasrine akasema. "Hata ile hamutafanya."

"Inapiga kelele, ile gari."

"Ukiikanyaga. Ukiiwasha taratibu, inanongona."

Uongo. Supra ingetoka pale kama paka. Challenger ikiwashwa baridi, vioo vya nyumba hutetemeka. Na watu wote wa mudugudu, mtaa mzima, walikuwa wamekaa nyasini, ng'ambo ya geti, kwenye inama, mji ukiwa hauna hata pikipiki moja inayolia. Sano alikuwa amewaza usiku kucha: watukute humu, geti limefungwa, gari lipo. Mzee atakuwa hajapoteza kitu.

"We fundi," Gad akasema. "Washa."

Waliingia garini. Gad mbele, Nasrine nyuma. Sano alibonyeza kitufe cha kuwasha.

Gari lilinguruma. Ukuta ulirudisha sauti, ukuta mwingine ukaitupa juu. Kunguru waliruka kwenye bati.

"Zima," Gad akasema. "Zima, mujinga we."

Sano alizima. Hata inama ilikuwa imenyamaza.

Nasrine aliinama mbele, mdomo karibu na sikio lake. "Ulijua."

Gad alikimbilia mlango wa nyuma. Wanaume wenye majembe walikuwa wamekwisha kusimama pale. Hawakumpiga. Walimrudisha uani.

Mukagasana, mkuu wa mudugudu, aliingia kwa geti. Bahizi nyuma yake, matope mpaka magotini. Aliangalia gari. Aliangalia Sano. Akaelewa.

"Ni mi nilimutuma," Bahizi akasema. "Gari ikilala sana, inaharibika."

"Na hawa wawili, muzee? Nao uliwatuma?"

Bahizi hakuwa amewaona maishani. "Ndiyo."

Gad aliinua kichwa. Alimkazia Sano macho: nyamaza.

"Sano," Mukagasana akasema. "Ni kweli?"

Lilikuwa neno moja tu la kusema: ndiyo. Wangetoka wote, na mzee angebaki na uongo shingoni.

"Hapana, mama. Tulikuja kuiba. Papa hakujua kitu."

Polisi walifika barabara zikifunguliwa. Waliwatembeza watatu kwa mguu, kituo hakikuwa mbali. Bahizi alifuata, jembe begani.

"Rudi nyumbani, papa," Sano akasema. "Hawakukutaja. Gari iko pale. Haukupoteza kitu."

Mzee aliongeza hatua, akamfikia.

"Tajiri amepigiwa simu," akasema. "Ameuliza nani alikuwa kwa geti. Nikasema, hakuna mutu." Akahamisha jembe bega la pili. "Ameniambia nitoe vitu vyangu mbele ya jioni. Sasa unaniambia nirudi nyumbani. Ya nani?"